Mvua ya Ziwa Victoria na zebaki isiyopimwa: barua ya wazi kwa mawaziri wa mazingira wa Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mazingira katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.
Nakala: Sekretarieti ya Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki duniani, Geneva.

YAH: KUPIMA ZEBAKI HEWANI KUZUNGUKA ZIWA VICTORIA

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata mkoani Geita. Sina cheo chochote katika jambo ninaloliandikia. Ninachonacho ni daftari la marehemu mjomba wangu, na swali aliloniuliza nikiwa kidato cha pili ambalo mpaka leo sijamjibu.

Mjomba alikuwa na mwalo. Kwa msomaji wa Bujumbura au Mombasa asiyeujua, mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa kwenye karasha huoshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia. Mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye beseni pamoja na zebaki, unakandwa kwa mikono mitupu mpaka zebaki iikamate dhahabu. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa, linawekwa juu ya kipande cha bati, bati juu ya mkaa. Zebaki inafuka, dhahabu inabaki. Jioni mjomba alijaza daftari lake lenye safu tatu: zebaki iliyotumika, zebaki iliyorudi kwenye chupa, na ya tatu aliyoiita "iliyopotea". Nimelipitia daftari lote. Hakuna siku safu ya tatu ilikuwa tupu.

Tulipofundishwa shuleni kwamba maada haipotei, nilikwenda kumsahihisha, na utoto wangu wote. Akanitazama, akasema, "Haya msomi, kama haikupotea, iko wapi?"

Iko angani, mjomba. Hilo ningeweza kumwambia hata siku ile. Lakini kiasi gani, imekwenda upande gani, imeshukia wapi, hayo simjui mtu katika ukanda huu anayeweza kuyajibu kwa kipimo. Anayejibu, anajibu kwa makadirio.

Mnaijua tabia ya mvuke huu, lakini niwakumbushe kwa sababu kila ninachoomba kinatoka hapo. Zebaki ikishakuwa hewa inaweza kukaa angani kwa miezi mingi, hata kukaribia mwaka, na katika muda huo upepo unaizungusha dunia. Sehemu yake inageuka kuwa kemikali inayoyeyuka majini, na hiyo ndiyo inayoshushwa na mvua, wakati mwingine jirani na ilikotoka, wakati mwingine bara jingine. Kwa hiyo moshi wa Nyarugusu, machimbo ya huku kwetu Geita, unaweza kushuka mahali ambapo hawajawahi kulisikia jina la Nyarugusu, na zebaki ya makaa ya mawe yanayochomwa kuzalisha umeme huko Asia inaweza kushuka kwenye bati la nyumba yangu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilipeleka angani takriban tani 2,220 za zebaki. Asilimia 38 hivi zilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na asilimia 21 kwenye makaa ya mawe. Afrika kusini mwa Sahara ilihesabiwa kuwa na asilimia 16 ya jumla yote.

Sasa litazameni ziwa letu. Watu wengi, hata wanaoishi ufukweni, wanadhani Ziwa Victoria linajazwa na mito: Kagera, Mara, Nzoia, Simiyu. Mito ina sehemu yake, lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nililirudia mara mbili. Maana yake ni kwamba ziwa hili, kwa sehemu kubwa, ni mawingu yaliyoshuka, na chochote kilichomo mawinguni hakina haja ya kutafuta mto wa kupitia.

Ikishafika majini, vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza sehemu ya zebaki kuwa ile ya sumu zaidi, inayojenga makao mwilini mwa samaki. Dagaa ana kidogo, anayemla dagaa ana zaidi, na sangara mkubwa aliyeishi miaka mingi akila wenzake ndiye mwenye nyingi kuliko wote. Simwambii mtu asile samaki. Mimi mwenyewe Jumapili haipiti bila sato. Ninachosema ni kwamba minofu ya sangara inayokwenda Ulaya ina kiwango cha zebaki isichoruhusiwa kuvuka, na yupo mtu mwenye kazi ya kukiangalia. Mvua iliyomlea sangara huyo haina mtu wa kuiangalia mwaka hadi mwaka.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali yao ilikiri chanzo chake, yaani maji taka ya kiwanda, mwaka 1968. Miaka 12 samaki waliendelea kuliwa. Na pale kulikuwa na kiwanda kimoja, ghuba moja na bomba ambalo mtu angeweza kulinyooshea kidole. Sisi chanzo chetu ni maelfu ya mabati juu ya mkaa, na mitambo ya watu tusiowajua.

Dunia haijalala katika kupima. Kanada wana kituo Alert, karibu na ncha ya kaskazini. Ireland wana Mace Head. Wafaransa wanapima kwenye kisiwa cha Amsterdam, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, mahali ambapo hakuna hata kijiji. Kati ya 2010 na 2015 Umoja wa Ulaya uligharimia mtandao ulioongozwa na Waitaliano, ukaunganisha vituo zaidi ya 40 vya kaskazini na kusini mwa dunia ili vipime kwa njia moja. Afrika Kusini wanapima Cape Point tangu 1995. Lakini ukitoka Cape Point ukapanda na ramani kuelekea kaskazini, sioni kituo chenye kumbukumbu ndefu isiyokatika mpaka ufike bahari ya Mediterania. Katikati ya pengo hilo ndipo tulipo sisi: ziwa kubwa kuliko yote barani, wachimbaji wadogo wanaohesabiwa kwa mamia ya maelfu, na mioto ya nyika ya kila kiangazi, ambayo nayo inarudisha angani zebaki iliyokuwa imelala kwenye majani na udongo.

Niseme kitu kidogo pembeni, kwa sababu wanafunzi wangu hukipenda. Ile mashine kubwa inayotumika kwenye vituo hivi inaipitisha hewa juu ya dhahabu. Zebaki iliyomo hewani inang'ang'ania dhahabu, kisha dhahabu inapashwa moto, zebaki inaachia na kupimwa. Ni mwalo uliogeuzwa: mjomba alitumia zebaki kukamata dhahabu, wao wanatumia dhahabu kukamata zebaki, na wote wawili wanamalizia kwa kuchoma. Tofauti ni kwamba mashine ile inasoma nanogramu, sehemu moja ya bilioni ya gramu. Hewa safi ya kusini mwa dunia ina takriban nanogramu moja kwa kila mita ya ujazo, ya kaskazini kama moja na nusu. Kwenye namba ndogo kiasi hicho, aliyepima vibaya ni sawa na asiyepima.

Hapo ndipo ninapouingia Mkataba wa Minamata. Ulipitishwa Oktoba 2013 kule Kumamoto, ukaanza kutumika Agosti 2017. Rwanda ilijiunga mwaka huohuo, Uganda 2019, Tanzania 2020, Kenya 2023. Ibara ya 22 inataka mkataba wenyewe upimwe kama unafanya kazi, na inataka kipimo hicho kitokane na takwimu zinazolinganishika kuhusu zebaki ilivyo na inavyosafiri katika mazingira. Ibara ya 19 inazitaka nchi zishirikiane kuzipata. Maneno hayo mmeyasaini nyinyi, mimi nimeyasoma tu.

Lakini tunachopeleka Geneva ni nini? Chukueni mfano wa kwetu Tanzania. Makadirio rasmi yanasema wachimbaji wadogo wanatumia kati ya tani 13.2 na tani 24.4 za zebaki kwa mwaka. Siwalaumu waliokadiria, walihesabu wachimbaji, wakazidisha kwa dhahabu, wakazidisha kwa zebaki inayotumika kwa kila gramu, na kila namba waliyoishika ilikuwa inateleza. Ila tazameni upana wa pengo: zaidi ya tani 11. Tukifanikiwa kesho kupunguza matumizi kwa tani tano, hakuna atakayejua, maana tani tano zinajificha ndani ya shaka yetu wenyewe.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Miradi ya kupunguza zebaki imekuja, na mingine ni mizuri. Vimegawiwa vyungu vya kuchomea vyenye mfuniko na bomba, vile wachimbaji wanavyoviita retoti, ambavyo vikitumika sawasawa hurudisha sehemu kubwa sana ya zebaki kwenye chupa badala ya kuiachia hewani. Mwisho wa mradi inaandikwa: retoti kadhaa zimegawiwa, watu kadhaa wamefunzwa. Nimeona retoti mpya kabisa ikizuia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Kwenye ripoti ile nayo imo, imehesabiwa. Hewa ingepimwa kabla na baada, retoti ile ya mlangoni isingehesabika.

Mnaweza kuniuliza kwa nini nisimwandikie waziri wangu peke yake. Ni kwa sababu mvuke hausimami mpakani Sirari kugonga muhuri wa pasipoti. Mwamba wa dhahabu wa Tarime unaendelea Migori, upande wa Kenya, wanaouchimba ni majirani na wengine ni ndugu. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Mtu akiweka kipimo upande wa Uganda tu na kikapanda, Uganda itasema upepo umetoka Kenya, Kenya itasema umetoka Uganda, na wote wanaweza kuwa wakweli kutegemea msimu. Bila vipimo kila upande, vya aina moja, vilivyosomwa tarehe moja, tutakuwa tunanunua vifaa vya kubishania. Tena, mkisimama pamoja mnaweza kudai. Sehemu ya zebaki inayotunyeshea haikutoka kwetu. Leo tukikaa na nchi zenye mitambo mikubwa ya makaa ya mawe tunazungumza kama watuhumiwa, kwa sababu kitu pekee kinachojulikana kuhusu sisi ni moshi tunaoutoa. Tunaoupokea haumo kwenye karatasi yoyote.

Ninachoomba si kikubwa kama kinavyosikika. Sijasema mjenge vituo kumi vya mashine zile za dhahabu. Zinataka umeme usiokatika, fundi aliyefunzwa, na mitungi ya gesi ya argoni safi. Nani atapeleka argoni Ukerewe? Kipo kifaa kingine, kidogo kama kopo, chenye mkaa uliotiwa dawa ya kunasa zebaki. Hakina waya wala betri. Unakining'iniza chini ya kifuniko cha kukinga mvua, unaandika tarehe, unakiacha miezi kadhaa, unakifunga, unakipeleka maabara. Hakitakwambia jana saa nne kulikuwa na nini, lakini kitakwambia wastani wa msimu, na ukiwa navyo vingi mahali pengi, unapata ramani. Viwekwe kuzunguka ziwa zima, kwenye vituo vya hali ya hewa ambavyo tayari vina watu wanaosoma mvua kila asubuhi saa tatu: Bukoba, Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Jinja. Viwekwe visiwani, Ukerewe na Ssese na Rusinga, pamoja na vyombo safi vya kukusanya maji ya mvua, maana kwa ziwa hili mvua ndiyo habari yenyewe. Viwekwe na mahali pa mbali na machimbo, vinginevyo tutapima moshi wa jirani tukauita hewa ya Afrika Mashariki.

Mashine kubwa moja tu, basi, na mahali pake papo. Mlima Kenya, karibu mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, pana kituo cha dunia cha kuchunguza hewa kilichoanzishwa 1999 chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa msaada wa Uswisi. Kina kazi ya kupima ozoni na gesi za ukaa. Kipeni na zebaki, kipimo kisichokatika, kigharimiwe na Jumuiya yote, si Kenya peke yake kisha sisi wengine tusome bure. Cape Point wana uzoefu wa karibu miaka 30 wa kazi hii hii. Tanzania na Kongo tuko nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Vijana wetu wakafundishwe kule. Ni karibu kuliko Kanada.

Maabara iwe moja ya kwanza, hata kama kila waziri angependa iwe kwake. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, Makerere wana wanakemia, Nairobi wako. Chagueni. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu na Shirika la Uvuvi la ziwa liko Jinja, kwa hiyo hata meza ya kukalia mnayo, hakuna haja ya kuunda chombo kipya chenye mkurugenzi mkuu na magari. (Mnisamehe. Nimekaa kwenye kamati za shule, najua pesa ya chaki inavyoishia kwenye posho.)

Sasa niseme la wachimbaji, na hapa nawaomba msome taratibu.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu kwenye mwalo wa jirani yetu na kifaa cha mkononi cha kupima mvuke wa zebaki. Sitawataja, na nia yao naamini ilikuwa njema. Walipima wakati wa kuchoma, namba ikapanda, wakatazamana, wakaandika, wakapiga picha, wakaondoka. Hawakusema namba ile ina maana gani. Hawakurudi. Kijiji kikajijibu chenyewe: wametumwa kufunga mwalo. Kuanzia wiki ile watu waliacha kuchomea uwanjani, wakawa wanachomea ndani, usiku, madirisha yakiwa yamefungwa, watoto wamelala chumba cha pili. Kipimo kile kiliwaletea sumu karibu zaidi kuliko siku zote.

Mkataba wenyewe unataka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi. Ni sawa kabisa. Lakini mtandao wa kupima hewa ukianza kazi ya askari, umekufa siku hiyohiyo; makopo yatang'olewa na mtu atakayeyang'oa atakuwa na sababu. Kitangazwe tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba takwimu hizi hazitatumika kumkamata mtu wala kufuta leseni ya mwalo. Halafu zirudishwe. Kila msimu, kwa Kiswahili na kwa Kiganda na Kijaluo na Kisukuma, kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kwenye masoko ya madini, ambako mchimbaji anafika na dhahabu yake kwa hiari. Mwambieni: hewa ya hapa ilikuwa hivi, mwalo wa kule walioanza kutumia retoti ni hivi. Wachimbaji ni watu wa mizani. Mtu anayegombania pointi ya gramu na broka hawezi kushindwa kuielewa namba.

Na zihifadhiwe kwetu. Nimechoka kuwaambia wanafunzi kwamba ili wasome kuhusu hewa wanayoivuta, wanatakiwa walipie makala kwa dola.

Kwa Sekretarieti ya Geneva nina neno moja. Mkifanya tathmini ya mkataba, mahali pasipo na vipimo mnapajaza kwa mifano ya kompyuta. Naelewa, hamna njia nyingine. Lakini basi pale penye pengo pachoreni pengo, mpaache peupe kwenye ramani pasirembwe rangi, ili wafadhili na mawaziri wetu walione kila wanapofungua ukurasa.

Waheshimiwa, shule yetu ina kipimamvua ambacho wanafunzi wa kidato cha tatu wanakisoma kila siku, likizo kwa zamu, na daftari lake halijaruka siku hata moja tangu Januari ya mwaka juzi. Paa la maabara liko wazi upande wa ziwa. Ngazi ipo. Mkileta kopo moja, msumari nitanunua mwenyewe, na safu ya tatu ya daftari la mjomba nitaipatia mahali pa kuanza kujibiwa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa kemia,
Geita.